Daftari la Mashimo

Kwenye simu ya kaka, yenye kioo kilichopasuka
kama lava iliyopoa, nina filamu tatu.
Moja ya mapigano, naiangalia bila sauti.
Moja ya mapenzi, hiyo naipitisha mbio
mpaka pale bibi harusi anapotoroka kwa pikipiki.
Ya tatu haina hata mtu mmoja anayebusu:
watu wazima wenye kofia za chuma
wanashuka mlimani kwa kamba, wanapima moshi.
Hiyo nimeiangalia mara kumi na tisa.
Kijana wa Birere aliyeniwekea kwenye kadi
aliniuliza, "Unaona nini humo, Kavugho?"
Nikamwambia: kamba.

Saa moja jioni jirani anafungulia mchezo wa redio,
nasikiliza ukutani. Mbao ni nyembamba, ni bure.
Nimegundua anayeigiza mchawi ndiye pia mchungaji,
anabadili kikohozi tu.
Huku nachora. Si vizuri. Mbuzi wangu wana miguu mitano
kwa sababu wa kwanza nilimkosea, na wino haufutiki,
nikaona bora wote wafanane.

Mama anapekua: "Weye mutoto,
kaye ya masomo umeijaza mashimo?"
Ndiyo, mama. Mashimo.

Kitendawili.
*Tega.*
Hana rangi, hana harufu, hana kelele,
amelala bondeni nyuma ya shamba la mihogo;
akisimama anafika magoti ya mtu mzima,
pua ya mbuzi,
utosi wa mtoto.
*Tumeshindwa.*
Nipeni mji.
*Tunakupa Goma.*
Goma naichukua,
na mawe yake, na vumbi, na deni la maji.
Jibu ni mazuku.

Mwezi wa pili, Ushindi wa Mama Nabintu
alifuata mpira wa matambara, asubuhi,
kabla jua halijapasha mawe.
Alikuwa na miaka minne.
Mpira niliusuka mimi.

Tangu hapo nina kopo, mshumaa na kamba.
Nashusha. Ukiendelea kuwaka naandika: salama, leo.
Ukizimika – na hauzimiki kama uliopulizwa,
unazimika kama mtu aliyesahau alichotaka kusema –
nachora mbuzi, miguu juu.
Kutoka Keshero hadi Bulengo wamefika thelathini na mmoja.
Jiwe la karibu nalipaka rangi nyekundu
aliyobakiza Kambale fundi wa chukudu:
nusu kopo, kwa kumfulia mashati mawili
na suruali ambayo hatukukubaliana.

Wavulana wananiita Profesa wa Mashimo.
Kibao nilichosimika juma lililopita
mtu aliking'oa akapikia maharage.
Namjua. Yalinukia mpaka kwetu.
Sawa. Jiwe halipikiki.

Nataka kuwa nani? Jina la kazi yenyewe silijui,
kwenye filamu hawalitaji, wanapumua tu ndani ya vinyago.
Nataka mchezo wa redio usio na mchawi,
ambamo shimo lina sauti yake, ya chini,
na mtangazaji anataja mahali polepole, bonde kwa bonde,
ili anayekwenda kuchota maji alfajiri asikie
kabla ya kuinua bidoni.
Nataka siku moja mtu anipe kamba ndefu.
Na simu isiyopasuka. Hiyo pia, sitasema uongo.

Jana, kwenye shimo namba saba,
nilimkuta Mama Nabintu amechutama.
Ameshika brashi yangu, analirudia jiwe,
rangi ameizimua kwa mafuta ya taa ili itoshe.
Sikujua mikono yangu niiweke wapi.
Nikashika kopo.
Hakunitazama. Alilifunua daftari
kwa kidole kisicho na rangi, taratibu,
ukurasa baada ya ukurasa,
kisha akauliza:
"Na huyu mbuzi, mbona ana miguu mitano?"