Shilingi ya Bi Mwanamkuu

Ofisi yetu iko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
juu ya fundi baiskeli.
Mchana kutwa panapanda harufu ya mpira na gundi.
Chini wanaziba pancha.
Huku juu naziba mimi.

Nakuandikia wewe, Hoza, unayeanza Jumatatu,
kabla hujafungua hiyo kompyuta
ukadhani kila kilichomo kinaonekana.

Kuna faili linaloanza kwa nukta.
Ukiorodhesha mafaili, halijitaji;
limekaa kimya kama deni la ndugu.
Ndani yake mistari kumi na saba,
jina, alama ya sawasawa, thamani:
hifadhidata iko wapi, nani aingie, kwa neno gani,
na juu kabisa mstari huu:
MAZINGIRA=majaribio

Neno hilo moja.
Likisema majaribio, tunacheza:
ng'ombe wa kubuni, wafugaji wa kubuni,
lita elfu za maziwa yasiyochacha.
Likisema halisi,
basi kuna mtu Pongwe amekamua saa kumi alfajiri
na anasubiri simu yake ilie.

Usiku mmoja wa masika, mvua inapiga bati,
nilibadili neno nikague hitilafu ya malipo.
Dakika tano tu.
Umeme ukakatika, nikashuka kutafuta mshumaa;
uliporudi, nilikuwa na wazo jingine
na neno lilikuwa lile lile.
Nikaandika: Mfugaji, umelipwa shilingi 1. Jaribio jaribio.
Nikabonyeza.
Nikangoja ng'ombe wangu wa kubuni wafurahi.

Watu mia tatu na kumi na wawili.
Maramba, Pongwe, Amboni,
simu zikalia saa sita usiku chini ya mito.

Asubuhi walipiga. Wengine walicheka,
wengine walinitukana kwa adabu ya kwetu,
ile ya kukuulizia kwanza hali ya mama yako.
Bi Mwanamkuu hakupiga.
Alipanda ngazi, mwavuli unachuruzika,
akaniwekea simu mezani.
"Nimefuata shilingi yangu."

Nikamweleza: mazingira, kigeuzi, majaribio.
Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole wa kutisha.
"Hapa pameandikwa umelipwa.
Pameandikwa na nyinyi.
Nauli ya kuja sikudai. Nadai shilingi."

Shilingi moja haipatikani Tanga nzima, Hoza.
Nilimuuliza fundi, nikauliza dukani, nikachekwa kote.
Nikampa sarafu ya mia mbili.
Akafungua kibindo, akahesabu, akahesabu tena,
hakufikisha mia na tisini na tisa ya kunirudishia.
Akanisukumia sarafu yangu.
"Mimi sitaki deni la mtu. Wewe baki nalo langu."

Sasa yaliyobaki.
Nenosiri usiliandike ndani ya msimbo, hata kwa saa moja.
Ukilifuta leo, historia inalo la jana.
Si tunasema Tanga ni waja leo, waondoka leo?
Siri iwe mgeni wa namna hiyo:
iingie programu inapoamka,
itoke inapolala,
isiache kandambili mlangoni.

Faili la mfano nimekuachia, majina matupu,
kama daftari la mahudhurio kabla ya kengele.
Thamani zenyewe nitakutajia mdomoni, ukishakunywa chai.
Na programu sasa, kabla ya kutuma chochote,
inauliza kwa herufi nyekundu: hawa ni watu kweli?
Usiinyamazishe. Inachosha, najua.

Mwisho, utaukuta mstari wa kumi na nane:
DENI_BI_MWANAMKUU=1
Hakuna msimbo unaousoma.
Utatafuta kila folda, hutaona unapotumika,
na mkono utakuwasha kusafisha.

Usiufute.
Kila mwisho wa mwezi hupita na risiti zake za maziwa,
huchungulia mlangoni, huuliza, "Bado ipo?"
Nami hufungua faili, nikamwonyesha.