Nafasi ya Uzoefu

Jina kamili. Hapo sikusita:
SHAMSIA ISSA NANGOMWA,
dukani kwa Somoe, fomu moja mia mbili,
ukiiharibu unanunua nyingine.

Anuani. Sanduku la posta la shule
niliyomaliza mwaka juzi; mwalimu mkuu hajui.
Wadhamini wawili, wasiwe ndugu.
Newala hii! Asiye ndugu nitamtoa wapi?
Nikamwandika muuza chumvi, na fundi wa redio.

Uzoefu, usiopungua miaka mitatu.
Kalamu ikaning'inia.
"Piga mstari," Somoe akasema,
"wenzio wote hupiga mstari."

Nikapiga mstari.

Chini kabisa, dole gumba la kulia.
Nikachovya winoni, nikakandamiza:
doa.
Nikapangusa kwa kanga, nikarudia:
doa jeusi, jororo, halina hata ufa.
Mafuta ya maganda yameilamba mistari yote,
tangu darasa la tano
nabangua korosho za watu kwa debe,
mama akikaanga, mimi nikigonga.

Somoe akaiinua fomu kwenye mwanga wa mlango.
"Hii hawaipokei."

Nikatoa mia mbili nyingine.
Jina kamili.