Benchi la Alhamisi

Kliniki ya mapafu, ghorofa ya nne.
Lifti imebandikwa karatasi: IMEHARIBIKA.
Nasi tulioitwa kwa kuwa hatuwezi kupanda ngazi
tunapanda ngazi.

Wanawake kumi na mmoja, nimetuhesabu:
Naliaka wa lupasi, kipepeo chekundu mashavuni,
Nyaboke ambaye yalianzia kwenye viungo,
na mimi, fundi cherehani wa Pipeline,
ngozi imenikaza kama kitambaa kilichorudi majini,
vidole kila Julai vinakuwa vyeupe, kisha buluu,
sindano naiona, siihisi.
Na mwanamume mmoja. Ombati, fundi wa mawe,
ameketi ncha ya benchi
kama mtu aliyekosea kanisa.

Daktari Mwende anachora nyuma ya kadi:
hapa mapafu, hapa vijishipa.
Askari wa mwili wamewageukia wenyeji,
kuta zimenenepa, njia imekonda,
na moyo, upande wake wa kulia,
unasukuma mkokoteni wa maji mlimani
usiku na mchana, bila wa kumpokea.

"Mbona sisi?" Naliaka akauliza.
"Mbona kumi na mmoja kwa mmoja?"
Homoni, huenda. Kinga ya mwanamke
ina mkono mwepesi, huenda.
Akafunika kalamu. "Mengine hatujui."

Ombati akacheka: "Basi mimi nimepitia mlango wa nyuma."
Daktari hakucheka.
"Wanaume ni wachache," alisema,
"lakini moyo wao mara nyingi huwahi kuchoka."

Dawa ni vile vidonge vya buluu.
Ndiyo, vile vile.
Kijana wa duka la dawa, Mtaa wa Mfangano,
alisoma cheti, akachungulia nyuma yangu
akimtafuta mume.
"Mara tatu kwa siku, mama? Mzee ana bahati."
Foleni ikacheka.
Ni vya kupumua, nikasema. Ikazidi kucheka.
Nikameza kimoja pale pale, kikavu,
nikimkazia macho.

Ombati alifika mlango ule mara mbili.
Alinisimulia mwenyewe:
mara zote mbili alinunua dawa ya kikohozi, akaondoka.
"Watasema nimeishiwa. Mjengo mzima utajua."
Miezi saba alijiita mvivu, mzee, mzito,
akibeba mawe Ruaka,
na kila kona ya ngazi akiinama
kufunga kamba za viatu zilizokwisha fungwa.

Nipe hicho cheti, nikamwambia.
Alhamisi ile nilinunua vya watu wawili.
Kijana alihesabu kimya.

Wiki tano alivimeza.
Ya sita aliniambia amepanda hadi orofa ya tatu
akipiga mluzi. Sikujua kama ni kweli.
Ya saba miguu ilikuwa imevimba, viatu havikumwingia.
Ya nane, ncha ya benchi
Nyaboke aliweka mkoba wake,
kisha akauondoa,
akaushika mapajani hadi tukaitwa.

Pakiti yake moja imo kwenye droo ya cherehani,
kati ya vifungo na chaki.
Ni dawa ile ile, kipimo kile kile.
Siigusi.

Nyumbani kwangu ni vidato tisini na sita.
Kona ya kwanza nasimama. Watoto wananipita mbio.
Jirani anateremka na ndoo, anauliza, vipi mama?
Nainama.
Nafunga kamba za viatu.

Nimevaa ndara.