Geti Linashuka Kwanza

Mlango wa zamani wa jikoni, kitasa bado kipo,
nimeulaza juu ya kreti nne za bia.
Hapo ndipo reli yangu inapozunguka:
hatua mbili kwenda, mbili kurudi,
na kona moja inayoniangushia mabehewa kila Jumapili.

Waya ni wa mukuba. Lubumbashi hii
hata mtoto anajua kuuchuna kwa meno.
Huu nimeununua, risiti ninayo;
Baba ameiomba mara mbili, akaisoma hadi chini.
Taa nyekundu zimetoka kwenye tochi zilizokufa,
mota kwenye mashine ya diski ya fundi Chisenga
(alitaka faranga elfu tatu, nikampa mbili na samaki).
Mkono wa geti ni kijiti cha mshikaki,
mweupe, mwekundu, mweupe, mwekundu,
rangi ya kucha za dada yangu.

Ukiisimulia, kazi ni nyepesi:
treni ina sumaku tumboni,
njiani imelala swichi ya kioo, nyembamba kama punje ya mchele.
Sumaku ikipita juu yake, swichi inafumba jicho,
taa zinapokezana, wewe, mimi, wewe, mimi,
na geti linashuka.

Usiku wa kwanza treni ilifika kabla ya geti.
Nilicheka.
Baba hakucheka.

Miaka ishirini na sita alilinda geti
pale barabara ya Katuba ilipokata reli,
na bendera mbili, filimbi, taa ya mafuta,
na kiti alichotoka nacho nyumbani.
Treni ya madini aliijua kwa nyayo kabla ya masikio:
changarawe, anasema, huanza kunong'ona.

"Swichi yako iko karibu mno. Isogeze."
Nikaisogeza shubiri moja.
"Isogeze."
"Baba, mbao imekwisha."
"Basi ongeza meza. Mtu wa makala
hasimami kama mtu mwenye mikono mitupu."

Tukanyamaza wote wawili.

Jina lake lilikuwa Mwape.
Magunia matatu kwenye baiskeli,
anaisukuma, haipandi, kichwa chini,
na mzigo ukishashika mteremko
haumsikilizi tena mwenyewe.
Juma lile waya wa geti ulikuwa umeibwa,
mukuba, mukuba tena,
geti likabaki juu kama kidole kinachoomba ruhusa,
na filimbi ya Baba ilikuwa na mvua ndani.

Hakuna aliyemlaumu.
Hilo ndilo lililomchosha.

Nimeunga ubao wa kupigia pasi.
Swichi sasa iko mbali, ng'ambo ya kitasa.
Taa. Kengele, koo la simu ya zamani.
Geti. Moja, mbili, tatu, nne.
Ndipo treni, inakuja kama mgeni aliyetangulizwa na salamu.
Nyuma ya geti nimeweka mtu wa waya na baiskeli yake,
vigunia vitatu vya kitambaa,
ndani yake vumbi la makala ya kweli.
Sikumwambia Baba ni nani.
Hakuuliza.

Aliuliza jingine:
"Umeme ukikatika?"

Sikuwa nimelifikiria, mimi, mtoto wa mji
ambao umeme wake hukatika kabla bukari haijaiva.
"Geti lenye akili," akasema, "likikosa nguvu huanguka.
Lisilo na akili hubaki juu."
Nikafungua, nikaanza upya.
Sasa mota hulishikilia juu,
na nati ndogo ya baiskeli, mkiani, hulivuta chini.

Jana saa moja na nusu mtaa mzima ukazimika.
Majirani wakapiga kelele ile ile ya kila siku.
Treni ilikufa katikati ya kona.
Katika giza tukasikia kijiti kikigusa mbao:
ta.

Baba akapapasa mezani, polepole,
akapita reli, akapita taa zilizopoa,
mpaka kidole kikaupata mkono wa geti, umelala sawasawa,
na upande wa huku,
gurudumu.