Kisu cha Tatu

Makoroboi, turubai la Masalu:
visu vya kukunja vimepangwa kama dagaa juani.
Cha kwanza nilikipendea kung'aa. Elfu tatu.
Kikavunjika kwenye fundo la muwa.
Cha pili kilikuwa na simba mpinini;
kikajifunga chenyewe, kidole changu kikiwa mlangoni.

Leo sitazami, nasikiliza.
Nafungua: ta!
Natikisa bapa kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Halichezi.
"Hicho kina kutu, kaka," Masalu anaona aibu kuniuzia.
Kutu ya juu juu. Niachie kwa elfu nne.

Usiku, Igogo, nakisugua kwa majivu,
kisha tone la mafuta ya cherehani ya mama.
Matone mawili.
Bado hajajua.