Kwa Nshobole, Kuhusu Dirisha la Nyuma

Usianze na pazia.
Nakwambia mimi ninayekula kwa mapazia,
mwenye cherehani pale Nyawera, mlango wa bluu:
usianze na pazia.
Anza kwa kukaa chini.

Keti sakafuni, chumba kikiwa kitupu,
kabla ya kitanda, kabla ya kabati la mama mkwe,
uone jua linaingilia wapi na linakwamia wapi.
Rudi jioni. Rudi siku ya mvua pia,
maana Bukavu mvua ni mpangaji asiyelipa,
ana kona yake katika kila nyumba.
Kona hiyo usiipake rangi.
Ipe ndoo, na heshima.

Kuta zako ni za mbao, najua.
Nyeupe itakusengenya kwa kila moshi wa makaa.
Chukua ile rangi ya ndizi iliyolala siku mbili,
nusu debe linatosha, na itakayobaki
mgawie Cibalinda wa jirani
asije akasema umeanza kuringa.

Makochi matano? Chumba cha hatua sita?
Nimeziona sebule za Kadutu
ambamo mgeni hupita kiubavu kama kaa,
na vitambaa vya kufuma juu ya kila mgongo,
juu ya redio, juu ya televisheni isiyowaka.
Vingine nilivifuma mimi. Nisamehe.
Makochi mawili, basi.
Acha mahali mtoto ataangukia
akijifunza kutembea.

Sasa, dirisha.

Uliniandikia kwamba ziwa limekwenda.
Mzee Cirhuza, hapo chini yako, kapandisha ghorofa,
na pale ulipokuwa ukihesabu mitumbwi ya sambaza
sasa kuna mgongo wa nyumba,
saruji imechuruzika kati ya matofali
kama makamasi ya mtoto aliyesahauliwa.
Ukaomba pazia zito, la mikunjo, la kulifunga jambo hilo.
Dola kumi na tano. Ningekuuzia.
Sikuuzii.

Shuka kwa Cirhuza na mfuko wa chokaa.
Mwambie: ukuta huu wewe huuoni hata siku moja,
matofali ni yako, picha ni yangu,
niruhusu niupake.
Atacheka. Wanaume wanaojenga hucheka hivyo.
Halafu atakuazima ngazi.
Chini yake panda marakuja, miche miwili,
vuta kamba hadi juu, uyaache majani
yafanye kazi ambayo kitambaa changu hakiwezi.

Na ziwa halijaisha lote.
Simama kushoto, karibu na msumari wa koti:
kati ya ukuta ule na mabati ya choo
kimebaki kipande, upana wa viganja viwili.
Tundika kioo upande wa pili, kikitazame.
Saa kumi na moja jioni
maji yatakuja kutetemeka juu ya kitanda chako,
na hakuna atakayekudai kodi.

Bado moja. Hili hukuniuliza.

Jumapili nilipanda hadi kwa Mama Bisimwa, hapo juu yako.
Nikasimama mlangoni kwake na kikombe cha chai,
nikatazama anachokitazama.
Nshobole, ni paa lako.
Kutu, mawe saba ya kuzuia upepo,
gurudumu la baiskeli,
sufuria iliyotoboka yenye maji ya juzi,
na ndala moja ya kijani.
Miaka minne anafungua mlango, anasalimiana na ndala ile,
na hajawahi kukuambia neno.
Alinionyesha hata jina aliyoipa.

Panda, ufagie.
Mawe yaache, ila yapange.
Ukimaliza yote hayo nitumie vipimo vya dirisha,
kwa sentimita, si kwa viganja,
nami nitakushonea kitu chepesi
ambacho upepo utakiinua bila kuomba.

Ile ndala ya pili
iko wapi?