Tundu la Sahani

Siwema ndiye aliyenishawishi.
Yeye anafundisha historia darasa la sita,
mimi naziba pancha Temeke Mikoroshini,
kwa hiyo usafiri ulikuwa juu yangu:
Swala ya marehemu baba, iliyobeba mkaa miaka kumi na minne,
na baiskeli ya mteja mmoja
ambaye hakuambiwa.

Saa moja asubuhi tulikuwa darajani Kurasini.
Upepo ukatusukuma ubavuni kama mgambo wa soko.
Siwema akaachia mikono yote miwili.
"We mwalimu, wanafunzi wako wakikuona?"
"Watajifunza."

Kufika Kibada kicheko kilikuwa kimekauka.
Jua la mwezi wa pili halibishi hodi.
Lami ilinata, tairi zikalia nyaa, nyaa,
kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda, taratibu,
kwa kuogopa.

Baada ya Mjimwema tukaiacha lami.
Mchanga.
Unapanda, unazama, unashuka, unasukuma,
unapanda tena kwa ubishi tu.
Mihogo huku na huku, majani yamekunja vidole,
na chini ya mikorosho mbuzi
waliotuzidi akili,
wamelala.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia alinyoosha mgongo.
"Mnafukuzwa?"
"Tunakwenda kuona magofu, mama."
"Magofu!" Akaigeukia mihogo yake kama anaishtakia.
"Kwani huko mjini nyumba mbovu zimekwisha?"
Jibu nilikuwa nalo.
Mate ya kulitolea sikuwa nayo.

Sijui nilitegemea nini. Lango, labda.
Kitu cha kunitazama kutoka juu.
Nikakuta ukuta unaonifika kiunoni,
mjusi, mfuko wa rambo, kuku wa mtu,
na makaburi yaliyozama kwenye magugu
kama watu waliojifunika shuka wakakataa kuamka.

Siwema akafungua daftari: karne, matumbawe, chokaa.
Mimi nikakaa
kwenye kivuli chenye upana wa kanga iliyokunjwa,
mgongo ukutani.
Na jiwe lilikuwa la baridi.
La baridi, nawaambia. Saa sita mchana.

Juu ya kaburi moja palikuwa na tundu la duara.
"Hapo palikaa sahani," Siwema akasema,
"ilitoka Uchina. Watu wameing'oa."
Nikaingiza mkono.
Matundu nayajua. Najua kikombe kilichopoteza gololi zake
kinavyobaki kinangoja.
Ukingo ulikuwa laini, umesuguliwa na mtu asiye na haraka,
na ndani, mahali ambapo sahani ingeficha,
palikuwa na alama ya dole gumba.
Si nakshi. Gumba, na mistari yake.
Mtu alibonyeza, akashikilia, akahesabu mpaka kumi.
Nikaweka langu juu yake.
Langu lilizidi kidogo. Labda alikuwa mwanagenzi,
anaogopa kugombezwa kwa sahani ya watu.

"Umeona nini?"
"Fundi."
Akaandika.

Kurudi, mwiba ukatupata Gezaulole,
na bila shaka ukaichagua baiskeli ya mteja.
Solusheni ilikauka kabla sijaipaka vizuri,
mara ya kwanza, mara ya pili.
Ya tatu nikakibonyeza kiraka kwa gumba lenye vumbi jeupe,
Siwema akihesabu kwa sauti ya darasani.
Alipofika kumi sikuachia.
"Tayari," akasema.
Bado, nikamwambia. Ngoja kidogo.

Jumatatu mwenyewe akaja.
Akazungusha gurudumu, akapapasa tyubu
kama anayepima homa ya mtoto.
"Hiki kiraka cha lini?"
Nilikuwa nimeinama, napanga gololi kwenye grisi.
Cha zamani, nikamwambia.
Cha zamani sana.